Wakuu, nimeambiwa diski ya mgongo imechomoza. Ndiyo basi tena?

Utingo Mstaafu: Habari za jioni wakuu. Naendesha lori Dar–Tunduma, miaka 41. Mwezi wa tatu huu kiuno kinauma, maumivu yanashuka tako la kulia mpaka kigimbini. Nikishuka garini nabaki nimeshika mlango, nimejikunja kama kibabu. Picha ya MRI inasema diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imechomoza. Nimevaa mkanda, nimelala kwenye ubao, nimechuliwa na mafuta ya nyonyo, wapi! Naogopa kisu.

Mama Wawili: Pole kaka. Hiyo figo, kunywa maji mengi.

Fizio wa Mtaa: Figo haishuki mpaka kigimbini dada yangu. Mkuu, mimi ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, nijibu kwanza: mkojo unatoka kawaida? Kuna ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mguu unaburuza? Homa, jasho la usiku, kukonda? Kukiwa na la mkojo, ganzi au mguu, nenda hospitali leo leo. Na TB ya mgongo ipo, tusijisahau.

Utingo Mstaafu: Mkojo kawaida, mengine yote hapana. Nikikaa inazidi, nikitembea inaachia.

Fizio wa Mtaa: Hilo la mwisho lina maana kwangu kuliko picha. Utafiti wa 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Wa miaka 40, nusu yao diski zimechomoza na hawana habari.
Lala kifudifudi dakika mbili. Egemea viwiko. Kisha nyoosha mikono uinue kifua, nyonga zibaki kwenye mkeka. Mara 10, rudia kila baada ya saa mbili tatu. Angalia maumivu yanaelekea wapi: yakishuka mguuni, acha, yakipanda kurudi kiunoni, endelea. Robin McKenzie, fizio wa New Zealand, aliligundua hili 1956 kwa bahati tu, mgonjwa wake alipolala kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, mguu ukaacha kuuma.

Kamanda wa Chalinze: Toa na pochi mfuko wa nyuma. Mimi nasimama Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni. Nashika kiuno, najipinda nyuma mara kumi, matingo wanacheka.

Mama Wawili: Na mkanda je? Nimenunua juzi tu.

Fizio wa Mtaa: Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno hauupendekezi. Mpe mwenye suruali inayomvuka.

Utingo Mstaafu: Siku ya sita wakuu. Mguu mwepesi kabisa, ila kiuno kinauma kuliko mwanzo, kama mtu kaniwekea ngumi. Niache?

Fizio wa Mtaa: Usiache! Yamehama mguuni, ndicho tulichokuwa tunasubiri. Kiuno kikitulia tunaanza kubeba: ndoo ya maji nusu, asubuhi na jioni, tunapandisha taratibu.

Utingo Mstaafu: Mkuu, mke wangu anasoma hapa begani. Ndoo ameshaileta.