Shule ya taarab inatafuta wafadhili wa ndani: kodi, barua na namna ya kuomba

Kodiani_Tanga aliuliza:

Wakuu, salaam. Tuna kikundi cha taarab asilia hapa Tanga, kimesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na jioni tunafundisha vijana 30 udi, fidla, kodiani na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi). Bajeti ya mwaka ni milioni 24: walimu wawili milioni 9.6, pango milioni 3, nyuzi, matengenezo na umeme milioni 2.4, vyombo vipya milioni 7, kurekodi wazee milioni 2. Mradi wa nje uliokuwa ukitubeba unaisha. Sasa tunataka wafadhili wa hapa hapa: kampuni, wafanyabiashara, watu wa Tanga walioko Dar na ughaibuni. Barua tumesambaza, majibu ni "tutawapigia". Je, kuna nafuu ya kodi ya kumwonyesha mfadhili? Na kuomba kunakofanya kazi kukoje?

Hesabu_Safi:

Mkuu, cheti cha BASATA kinakuruhusu kufanya sanaa, hakikupi hadhi ya taasisi ya hisani kwa TRA (Mamlaka ya Mapato). Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataja malengo yanayokubalika: kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza elimu, na kutoa huduma za umma za afya, elimu, maji na barabara. Sanaa haimo. Bahati yenu mnafundisha, kwa hiyo mlango wenu ni elimu.

Tenganisheni. Bendi ibaki BASATA na mialiko yake ya harusi. Shule isajiliwe peke yake kama NGO chini ya sheria ya 2002, iwe na katiba yake, TIN (namba ya mlipa kodi) yake na akaunti yake, kisha muombe uamuzi wa maandishi wa Kamishna wa TRA. Sheria inataka taasisi ifanye kazi hiyo ya hisani tu. Katiba ikichanganya mafunzo na "kutumbuiza kwa malipo", maombi yanakwama hapo hapo.

Mkishapata, mfanyabiashara anaondoa mchango wake kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, ila usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mwenye mapato ya milioni 100 akiwapa milioni 5, zinazokubalika ni milioni 2. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30, ameokoa 600,000. Mfanyakazi wa mshahara haokoi kitu. Kwa hiyo msiifanye kodi kuwa hoja ya kwanza. Iwekeni mstari wa mwisho wa barua.

Kampuni inayotaka nembo yake jukwaani ni jambo jingine. Huo ni udhamini, na kwao ni gharama ya matangazo, ukomo wa asilimia 2 hauwahusu. Lakini kwenu ni mauzo ya huduma: watakata kodi ya zuio asilimia 5, milioni 5 inaingia 4,750,000, na wengi watadai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Pesa hizo zipitie bendi, si shule.

Halafu Kanuni za NGO za 2018: mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Michango midogo midogo ya ndani haiwafikishi huko, ila katibu ajue.

Daftari_la_Michango:

Naongeza kwenye kuomba, maana nadhani hapo ndipo palipooza. Barua moja kwa watu 200 haina mwenyewe. Pangeni kwanza ngazi za michango. Kwa milioni 24: mmoja wa milioni 5, wawili wa 2.5, watano wa milioni 1, kumi na wawili wa 500,000. Hapo mna milioni 21 kutoka kwa watu 20. Milioni 3 zilizobaki zitoke kwa wengi kupitia lipa namba. Kila nafasi itafutieni majina matatu, yaani majina 60 ya watu halisi, na pembeni ya kila jina muandike nani kwenye kamati anamfahamu. Jina lisilo na wa kulifikia, futeni.

Tazama bajeti yako tena. Ukiondoa vyombo na kurekodi inabaki milioni 15, gawa kwa vijana 30: laki tano kwa kijana kwa mwaka. Ndiyo ombi lako la ngazi ya chini. Mtu anaelewa "mfundishe kijana mmoja mwaka mzima" kuliko "changia utamaduni wetu". Wa milioni 5 mwombe agharamie vyombo. Kila mtu anakimbilia kununua chombo na hakuna anayetaka kulipa pango, ndiyo maana pango na umeme vimezwe ndani ya hiyo laki tano, visiombewe peke yake.

Mpangilio: simu kutoka kwa anayemfahamu, kisha aje darasani nusu saa awaone vijana wakifunga nyuzi na kupatanisha sauti. Siku hiyo msimwombe. Baada ya wiki moja watu wawili wanamfuata, wanataja kiasi, halafu wananyamaza. Kosa la kawaida ni kutaja kiasi kisha kukishusha wenyewe kabla hajajibu: "au chochote utakachojaaliwa". Atatoa elfu hamsini na ataona amemaliza.

Risiti na shukrani ndani ya siku mbili. Pesa ya kununulia kanuni ikilipa umeme, hata kwa kukopa wiki moja, mfadhili akisikia hamumpati tena.

Kodiani_Tanga:

Shukrani sana. Swali jingine: kwenye maonyesho watu wanatunza vizuri tu, noti zinajaa, lakini shule haioni hata senti. Na kuna mjumbe anasema tuombe zaka.

Bint_Pwani:

Zaka acheni kabisa. Ina makundi manane ya kupewa, na muziki haumo. Mtu mmoja akilalamika msikitini mmeharibu na kwa wengine. Kama kuna kijana fukara, hilo ni suala lake binafsi, halipiti kwenye kikundi. Ramadhani pia msiombe.

Tunzo: ni haki ya mwimbaji, msiiguse, mtagombana. Chagueni nyimbo mbili katika usiku mzima, mshereheshaji atangaze mapema kwamba tunzo za nyimbo hizo ni za shule, na waimbe wanafunzi wenyewe. Beseni liwe mbele ya jukwaa, wahesabu watu wawili, kiasi kitangazwe kabla watu hawajaondoka. Msipotangaza, mara ya pili beseni litakuwa jepesi.

Msafiri_Leicester:

Kwa walioko Uingereza: akitoa kupitia taasisi ya hisani iliyosajiliwa huko, akasaini tamko la Gift Aid na ni mlipa kodi, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Pauni 100 zinakuwa 125. Marekani nafuu inapatikana akitoa kwa taasisi yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani ya hisani kwa sheria ya kodi ya huko. Akiwatumia ninyi moja kwa moja hakuna nafuu, kote kuwili. Tafuteni taasisi ya watu wa pwani iliyosajiliwa tayari huko ikubali kuwapokelea, na muandikiane kwanza: asilimia watakayobaki nayo, pesa zinatumwa kila baada ya miezi mingapi, na ripoti gani wanataka. Wao ndio wanaowajibika kuonyesha pesa zimefanya kazi ya hisani, kwa hiyo watawadai risiti za kila kitu, mpaka za nyuzi.