Makaratasi ya majaribio ya viberiti vya gesi: yapi ya kutunza, yapi ya kuchana?

Mlinda_Stoo

Wakuu, habari za kazi. Niko New Jersey kwenye kampuni ndogo. Tunaingiza viberiti vya gesi vile vya kutupa kutoka China, tunawauzia kwa jumla wenye vituo vya mafuta. Aliyekuwa anashika makaratasi kaacha kazi, mzigo wote umeniangukia mimi.

Bosi anasema tunachohitaji ni cheti kimoja tu cha kiwandani kinachoonyesha kwamba modeli imefaulu jaribio la watoto. Maboksi mengine kule nyuma anataka niyapeleke yakachanwe kwa sababu yanakula nafasi. Nimefungua moja nikakuta picha za mikono imeshika kiberiti, fomu zimejaa sekunde na umri wa watoto kwa miezi, na mfuko wenye viberiti sita visivyo na gesi, kila kimoja kimebandikwa namba. Tarehe zake zimepita miaka minne. Modeli yenyewe bado tunaiuza.

Halafu kiwanda kimeniandikia kwamba wamebadilisha springi ya kitufe cha usalama, eti "modeli ni ile ile, msiwe na wasiwasi". Je, nichane? Na hii springi inanihusu nini mimi niliye huku?

Bi_Mafaili

Mdogo wangu, usichane kitu. Hivyo viberiti sita ndiyo roho ya hilo faili, na bosi wako hajui ana nini mkononi.

Kabla sijahamia kwenye makaratasi nilikuwa mpimaji, yaani yule anayekaa sakafuni na watoto, ngoja nianzie huko. Kanuni ni ya CPSC, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, sehemu ya 1210, inafanya kazi tangu Julai 1994. Inataka angalau watoto 85 kati ya 100 washindwe kukiwasha kiberiti. Na si watoto wowote: wawe na miezi 42 hadi 51, kama 30 wawe wadogo kabisa, 40 wa katikati, 30 wakubwa, theluthi mbili hivi wavulana, na wapimwe sehemu tano au zaidi, si chekechea moja ya jirani.

Wanaingia wawiliwawili. Kila mmoja unampa kiberiti cha mfano, kama hivyo ulivyovikuta: hakina gesi wala cheche, ila mtoto akikibonyeza sawasawa, pale ambapo cha kweli kingewaka, kinalia au kinawasha taa. Dakika tano za kwanza wanahangaika wenyewe. Wasipoweza unawaonyesha taratibu kinavyofanya kazi, unawapa dakika tano nyingine. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu na nusu ni vya ajabu. Kuna anayebonyeza kwa dole gumba mpaka linageuka jeupe halafu anasonya, kuna anayekilaza sakafuni na kukiegemea kwa kiganja, na kuna ambaye hajishughulishi kabisa, anamwangalia mwenzake, kisha anakiwasha mara moja bila hata kutabasamu. Huyo wa mwisho ndiye anayeviangusha viwanda. Kabla hawajatoka unawaambia kwamba vya kweli vinaunguza, na unawaomba waahidi hawatavigusa.

Hesabu sasa. Wakiwasha 10 au pungufu, modeli imepita. Wakifika 19, imeanguka. Wakiwa kati ya 11 na 18 unaita watoto wengine 100, na jumla ya waliowasha kati ya wote 200 isizidi 30, yaani 15 kwa kila 100.

Kwa hiyo cheti chako ni karatasi inayosema "tumefanya haya yote". Mkaguzi akija hataishia kusoma cheti, ataomba hayo yote. Picha za mikono umezikuta kwa sababu kanuni inataka picha au video ya jozi moja ya watoto kutoka kila kundi la 100, ionekane mpimaji alishikaje kiberiti na alikaaje mbele yao wakati wa kuonyesha. Kuna njia za kukishika zinazomficha mtoto kidole kinafanya nini, na waliotunga kanuni walilijua hilo.

Kuhusu muda, hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kumbukumbu za jaribio la watoto, pamoja na viberiti vyenyewe vilivyotumika, zinatunzwa miaka 3 *tangu modeli iache kutengenezwa*. Modeli yako bado inatengenezwa, kwa hiyo hiyo miaka 3 haijaanza hata kuhesabiwa. Vipimo vya modeli ni hivyo hivyo, na maelezo ya namna kiwanda kinavyochukua sampuli na kuzikagua ni hivyo hivyo. Kilicho tofauti ni matokeo ya ukaguzi wa uzalishaji wenyewe, yaani fomu za sampuli zinazotolewa kwenye laini na kupimwa: hizo ni miaka 3 tangu tarehe ya kupima. Kama ndani ya maboksi kuna fomu za aina hiyo za miaka minne nyuma, hizo hazidaiwi tena na kanuni. Zitenganishe moja moja, usichane boksi zima.

Na hakikisha ziko kwa Kiingereza. Niliwahi kupokea faili zuri, limepangwa kwa rangi, lote Kichina. Halinisaidii mimi wala mkaguzi.

Ya springi nitarudi, nimeitwa.

Kaka_Bandarini

Nikazie alipoacha Bi Mafaili. Ripoti ya maandishi inatakiwa ifike CPSC si chini ya siku 30 kabla hujaingiza modeli mpya kwa mara ya kwanza. Watu wanakumbuka kontena likishafika, wanabaki kulipia uhifadhi.

Pia geuza kiberiti uangalie chini. Lazima kuwe na alama, hata kama ni ya kificho, inayotambulisha aliyekitengeneza na kipindi kilipotengenezwa, na kipindi hicho kisizidi siku 31.

Msidhani kila kiberiti kimo kwenye kanuni hii. Kilichomo ni kisichojazwa, au kinachojazwa gesi ila bei yake ya forodha iko chini ya kiwango fulani (ilianza dola 2, inapitiwa kila miaka 5). Vile vya kujaza petroli havimo. Lakini kikiwa na umbo la kikaragosi, kinaimba au kinamulika taa za rangi, kimo hata kikiuzwa bei ya saa. Na vile virefu vya kuwashia majiko vina sehemu yao, 1212, tangu Desemba 2000.

Sina_Haraka

Mimi naona ni usumbufu mtupu. Ule ukanda wa chuma wa kuzuia watoto, ulio juu ya kigurudumu, watu wazima wanaung'oa kwa bisibisi wakishanunua. Na hiyo 85 maana yake watoto 15 katika 100 wameruhusiwa kuwasha moto?

Bi_Mafaili

Ndiyo, 15 wanaweza, na hakuna aliyesema kiberiti kimepita ndiyo ukiache mezani. Lakini utafiti wa wataalamu wa tume yenyewe uliotoka 2002 ulikuta moto wa majumbani unaowashwa na watoto wa chini ya miaka 5 kwa viberiti hivi umepungua kwa asilimia 58, ukilinganisha na ule unaowashwa na watoto wakubwa zaidi. Mimi sidharau usumbufu wa namna hiyo.

Kuhusu bisibisi, kanuni ililiona. Kinga inatakiwa ijirudishe yenyewe kila baada ya kuwasha, isizuie matumizi ya kawaida, idumu maisha yote ya kiberiti, na isiwe rahisi kuizima au kuiondoa. Ukanda unaotoka kwa kucha tu ni kosa la kiwanda. Anayekaa chini na zana kuung'oa, huyo ni shauri yake.

Sasa springi. Mlinda Stoo, hiyo barua ndiyo ingekunyima usingizi, si maboksi. Mara nyingi kinachomshinda mtoto ni nguvu inayohitajika kwenye kitufe, na nguvu hiyo inatoka kwenye springi. Ikilegea kidogo tu, kama mwanzo waliowasha walikuwa 8, wanaweza kuwa 20, na kwa macho usione tofauti yoyote. Kanuni inasema badiliko lolote linaloweza kupunguza kinga linadai jaribio jipya la watoto, kwa mifano yenye badiliko hilo, *kabla* ya kutengeneza vya kuuza. "Modeli ni ile ile" ni maneno ya muuzaji.

Waandikie hivi, na usikubali kujibiwa kwa simu: nguvu ya kitufe kwa nyutoni, ya chini na ya juu, springi ya zamani na mpya, mchoro wa springi zote mbili, na matokeo ya ukaguzi wa laini tangu wabadilishe. Ikiwa springi mpya ni ngumu zaidi au sawa kabisa, andika sababu zako kwa nini kinga haikupungua, weka sahihi, weka kwenye faili. Ikiwa ni laini zaidi, watoto 100.

Jaribio kiwanda kinaweza kulifanya, nawe ukalitegemea. Ila aliyeingiza mzigo ni ninyi, na cheti mnakitoa ninyi. Mwambie bosi hivyo hivyo.

Mlinda_Stoo

Shikamoo Bi Mafaili, na asante Kaka. Wamejibu haraka kuliko nilivyotegemea, ila wametuma mchoro wa springi mpya peke yake, na nguvu yake ya chini iko chini ya ile iliyoandikwa kwenye vipimo vyetu. Ya zamani wanasema "wanaitafuta". Tatizo kontena liko baharini. Ndani kuna mchanganyiko, sijui vipi vina springi ipi.

Bi_Mafaili

Marahaba mwanangu. Iliyo chini ya vipimo vyenu tayari ina jibu, hata wasipoileta ya zamani: hailingani na kilichojaribiwa, kwa hiyo haiuzwi mpaka ijaribiwe. Kontena likifika, pokea, weka pembeni, lisiende kwa mteja hata katoni moja. Fungueni katoni mpange kwa ile alama ya chini aliyoitaja Kaka. Zilizotengenezwa kabla ya badiliko zinasimama kwa kumbukumbu za zamani, zitoe uuze. Zilizobaki zifungie.

Ila waulize wa kiwandani tarehe waliyoanza kufunga springi mpya, na kwenye laini zipi. Kama walibadilisha katikati ya kipindi kimoja cha alama, kipindi chote kihesabu ni kipya.