Kuchoka kiroho na hofu ya dhambi: mtu aanzie wapi bila kuliacha Kanisa?

Tulizo
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba wanaojua wanisaidie. Mtu ana rozari nzima kila siku, novena (sala za siku tisa) mbili zinapishana, kwaya, jumuiya na mkesha wa karismatiki. Anaungama kila Jumamosi dhambi zilezile, akitoka tu anaona hakuungama vizuri. Hofu ilianzia kwenye viboko vya mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Tena aliweka nadhiri ya kufunga kila Ijumaa hadi kufa. Apunguze nini, kwa utaratibu gani?

Mzee wa Kigango
Milele amina. Arudi kwenye Amri za Kanisa alizokaririshwa utotoni: Misa ya Dominika na sikukuu zilizoamriwa, kuungama walau mara moja kwa mwaka, Ekaristi wakati wa Pasaka, zaka na kadhalika. Rozari, novena, kwaya na mkesha havimo. Akiviacha hatendi dhambi, hata mwenyekiti wa kwaya akinuna.

Nadhiri ina utaratibu wake. Sheria ya Kanisa namba 1191 inasema iliyowekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki ni batili. Hata kama ni halali, paroko anaweza kumwondolea kwa sababu ya haki (namba 1196). Asijiamulie mwenyewe: leo atajiondolea nadhiri, kesho atajihukumu upya. Aende ofisi ya parokia siku ya kazi, si kwenye foleni ya maungamo.

Mama Vero
Kwenye maungamo, achague padri mmoja tu na amwambie mapema: "Padri, dhamiri yangu ina wasiwasi uliopitiliza." Akizunguka kwa mapadri watano, kila mmoja anaanza upya bila kumjua, na wasiwasi unanenepa.

Dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili, vyote vitatu pamoja. Yenye shaka asiihesabu, na ya zamani asiirudie kabisa. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alipokuwa Manresa, Hispania, aliambiwa na muungamishi wake asiungame ya zamani ila yaliyo wazi kabisa. Haikumsaidia, maana kwake yote yalionekana wazi! Ndiyo maana amri hii ya kutorudia ya zamani isiwe na mlango wa nyuma. Na aache kuuliza watu WhatsApp "hii ni dhambi?" Jibu linamtuliza kidogo, kisha swali linarudi na nguvu zaidi.

Nesi wa Zamu
Akirudia Salamu Maria kwa sababu neno limeteleza, au usingizi umekata, aende kitengo cha afya ya akili hospitalini. Huenda ni ule ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia, na unatibika. Zoezi mojawapo: anasali mara moja, anaacha kosa lilivyo, anakaa na wasiwasi bila kurudia mpaka ushuke wenyewe. Afanye na mtaalamu. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, asizikatishe kwa kuambiwa hana imani.

Tulizo
Aache vyote kwa mkupuo? Na kama utotoni kulikuwa na zaidi ya viboko, yaani kudhalilishwa kingono?

Mama Vero
Novena na mkesha viishe wiki hii. Rozari ibaki fungu moja (Salamu Maria kumi), akikosa asilipe kesho yake. Misa ya parokia ya jirani inatosha ikiwa ile ya parokia yake inamtetemesha.

Kuhusu hilo la pili, asiishie kuungama, kwa sababu padri amefungwa na siri ya kitubio. Aripoti jimboni; *Vos estis lux mundi*, sheria ya Papa Fransisko ya 2019 kuhusu unyanyasaji wa kingono, iliyohuishwa 2023, inadai kila jimbo liwe na njia ya kupokea taarifa, na anayeripoti hawezi kuamriwa kunyamaza. Kwa Tanzania, apeleke pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, asingoje jibu la jimbo.