Mbegu za mlilana hazioti zikichomekwa topeni: ziandaliwe vipi, mche upandwe wapi?

Mwana wa Matondoni
Assalam aleikum. Mbegu za mlilana, mti wa jamii ya mikoko, zikichomekwa topeni kama za mkoko wenyewe hazioti. Zinaandaliwaje? Na mche ukae sehemu gani ya ufuo?

Fundi Kitalu
Waaleikum salaam. Mkoko humea ungali juu ya mti, ndiyo maana unachomeka theluthi ya ule mche mrefu na kazi imekwisha. Tunda la mlilana ni mviringo, na mbegu zake ndogo ndogo hupita mia. Ukizimwaga ufuoni maji yanazisomba zote. Okota matunda yaliyoanguka yenyewe na kulainika. Yaloweke siku mbili, yavuruge kwa mkono, utenge mbegu na nyama. Zisie juu ya tope lenye mchanga kidogo, uzifunike kiduchu tu. Kitalu kiwe pahali maji yanafika lakini mawimbi hayafiki. Miche ihamie mifukoni ikiwa na majani manne, ufuoni ikifika futi moja.

Nahodha wa Pate
Hapo kwenye pahali ndipo wengi wanapoharibu. Mlilana husimama mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Nyuma yake mkoko, kisha muia na mkandaa, nayo ni miti ya jamii hiyo hiyo. Mchu, ndugu yao mwingine, huota mbele na pia nyuma kabisa, ndio unaowachanganya watu. Kipimo changu: panda panapofunikwa kila maji yakijaa, hata wakati wa maji mafu, yaani siku maji yanapojaa kidogo tu. Panapofikiwa na bamvua peke yake, yaani yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tope hukauka, chumvi huzidi, mche hunyauka. Kama kuna mti wa zamani, tazama mizizi inayochomoza: ya mlilana ni minene chini na imechongoka juu, ya mchu myembamba kama penseli. Jani la mchu lina weupe chini, la mlilana ni kijani pande zote.

Mwana wa Matondoni
Shukran. Na ile magamba, vile viumbe vya baharini vyenye ganda gumu, inayoganda kwenye mche kama ubavuni mwa jahazi?

Fundi Kitalu
Ibandue kwa vidole, usitumie kisu, ganda la mche ni laini mno. Ikirundikana mche huelemewa na kulala. Acha mita moja baina ya mche na mche. Usichukue mbegu kwenye mti uliokauka matawi ya juu na kutobolewa na viwavi. Kibali mkaombe KFS (Shirika la Misitu la Kenya) kabla ya kuanza, kwani misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali tangu 1932. Tuitunze jamani, mataruma (mbavu za ndani) ya madau yetu yanatoka humo.