Roboti anatia manjano kwenye pilau, halafu bibi analia kwa FURAHA?!

Mpaliaji: Wakuu, nimetoka kusoma hadithi moja ya roboti sasa hivi na bado natetemeka. Mwandishi mnamjua, simtaji. Roboti kapelekwa nyumba moja Tanga aishi na watu. Sawa. Kaingia jikoni, kachemsha mchele, KATIA MANJANO VIJIKO VITATU, kaita pilau. Bibi wa miaka 80 akaonja, akalia, akasema "sasa wewe ni wa humu ndani."

Vijiko vitatu! Hiyo ni rangi ya kupaka daladala!

Rangi ya pilau ni kitunguu. Mchele kilo moja, vitunguu vikubwa vinne, vikatwe vyembamba na vilingane, la sivyo vingine vinaungua vingine vibichi. Kitunguu kikiwa na maji joto lake linagota kwenye nyuzi 100 hivi. Maji yakikauka linaruka, na kutoka dhahabu hadi mkaa ni dakika moja au mbili. Hapo ndipo roboti angeteseka! Kipimajoto cha miale kikielekezwa kwenye sufuria ya alumini inayong'aa kinasoma chini mno, naye angezidi kuchochea moto. Aunguze mara tatu, bibi amfukuze, ajifunze kusikiliza mafuta yanavyonyamaza. Lakini wapi. Manjano, na bibi machozi.

Kinu_na_Mchi: Mkuu, herufi kubwa zote hizo utadhani umeibiwa bodaboda. Kunywa maji.

Mpaliaji: Sinywi. Bibi ALILIA.

Mama Ubwabwa: Mimi najua kosa lilikotoka. Roboti kaambiwa "tia bizari". Sehemu nyingine ukisema bizari tu unapewa manjano. Ya pilau ni bizari nyembamba, ile mbegu ndefu ya kijivu.

Mpaliaji: Dada, si angeandika hilo basi! Neno moja, mitungi miwili, mgeni kachagua mtungi wa manjano. Hadithi nzima hiyo! Yeye kaitupa, kamliza bibi.

Ngeli Kwanza: Hamjaona kubwa zaidi. Mwanzoni ni "roboti ilifika, ilisimama". Baada ya ile sahani ni "roboti alicheka, alikaa". Kahamishwa ngeli kutoka I-ZI hadi A-WA. Kwa manjano!

Mpaliaji: Kapewa utu kwa manjano!! Hata kupalia hakupalia! Supu vikombe saba na nusu kwa vitano vya mchele uliolowekwa, ikikaukia unafunika, makaa juu ya mfuniko, moto wa chini unapunguza. Yeye kafunua mara kumi na moja "kuangalia". Mvuke wote umetoka, mchele una kiini, na bibi bado analia tu.

Shokoa: Neno roboti lilizaliwa kwenye tamthilia ya Kicheki ya 1920, kutoka "robota", yaani kazi ya shokoa, ya kulazimishwa. Mpishi wa shokoa hawi wa nyumbani kwa kupika. Anakuwa siku akikaa mkekani akapakuliwa, hata kama hali chakula. Yule hakuwekewa hata ukoko.

Fundi Waya: Afadhali yenu. Kuna nyingine roboti anasonga ugali wa watu sita kwa mkono MMOJA. Sufuria ingezunguka na mwiko! Lazima mkono wa pili uibane. Na unga ukishakaza, mota ya kifundo inavuta umeme mwingi, inachemka, inajizima katikati, ugali unabaki na mabuje.

Mama Ubwabwa: Na yule roboti mwingine aliyetia tui zito mwanzo akaliacha lichemke bila kukoroga? Likakatika, mafuta juu, maji chini, wageni wakasifu. Tui jepesi kwanza, zito mwishoni, na mwiko usitulie mpaka lichemke.

Fundi Waya: Kukuna nazi je? Roboti wa kilo 90 kakalia mbuzi ya mti, haikuvunjika!

Kinu_na_Mchi: Jamani, pilau yenu hiyo mnaweka viazi?

Ngeli Kwanza: Viazi ni vya biriani.

Mama Ubwabwa: Nani kasema? Kaanga kwanza vishike rangi, ndipo uvitie kwenye supu, visivurugike.

Mpaliaji: Uzi huu unahusu manjano jamani!

Kinu_na_Mchi: Nzima au unakata nusu?