Unguja, Mafia, Komoro au Shelisheli: nyaraka zipi zinatakiwa ukitokea huku Kusini?

mkulima_masasi:
Wakuu, habari za huko. Minada ya korosho ikikaa vizuri, nataka mwezi wa kwanza nimpeleke mama watoto visiwani, pamoja na binti yetu wa miaka saba. Hatuna pasipoti hata mmoja. Mimi nina namba ya NIDA tu, kadi bado, mwenzangu anayo, na mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Kichwani nina sehemu nne: Unguja, Mafia, Komoro, Shelisheli. Habari za fukwe msinisimulie, nimezaliwa Msimbati. Ninachotaka kujua ni karatasi: wapi nitaulizwa nini, na wapi nitasumbuka zaidi.

bi_shangani:
Mwanangu, Unguja na Mafia ni kwenu, pasipoti ya nini? Sisi wa miaka ya themanini ndio tuliokuwa tunagongewa mihuri kwenda Unguja, unatoka Dar kama mtu anayekwenda Ulaya. Siku hizi ni kitambulisho tu, na jina kwenye tiketi ya boti liwe lilelile lililo kwenye kitambulisho. Mtoto mbebee cheti chake.

jamaa_wa_ligula:
Shikamoo bi mkubwa. Mbona nasikia Zanzibar kila anayeingia anadaiwa bima, dola 44?

nahodha_mikindani:
Hiyo ni ya wageni wa kutoka nje ya nchi, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Mtanzania haimhusu. Mkulima, kama kadi ya NIDA haijatoka, tembea na leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura, usiende na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari.

Kwa Mafia, huna haja ya kufika Dar. Basi la Mtwara unashuka Bungu, unaingia barabara ya Nyamisati, unapanda boti mpaka Kilindoni. Ukitaka kwenda upande wa Chole kuna kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, na raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kinakuokolea hela pale. Papa potwe wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi, mwezi wa kwanza utawakuta. Na bahari ya kaskazi ni nafuu kuliko ya kusi, mama watoto hatatapika sana.

kibao_cha_mbuzi:
Kwa nini usiende Ibo, Msumbiji? Karibu tu hapo, na viza hatudaiwi.

nahodha_mikindani:
Viza hatudaiwi, lakini pasipoti ni lazima. Na Ibo iko Cabo Delgado, unajua mashambulizi ya waasi kule tangu 2017. Kumpeleka mtoto wa miaka saba kule kwa matembezi? Mimi hapana.

muuza_vitenge:
Komoro naenda kibiashara, ngoja nieleze. Viza unapewa uwanjani Hahaya ukishuka, euro 30, siku 45. Hakuna kuomba mapema, hakuna kupitia ubalozini. Lakini pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, uwe na tiketi ya kurudi, na ujue unafikia wapi, maana watauliza. Euro beba taslimu. Usitegemee kadi ya benki kwamba utachomeka popote.

Mambo mawili wengi hawayajui. La kwanza, Maore (Mayotte) imo kwenye ramani ya visiwa vya Komoro lakini kwa karatasi ni Ufaransa, ni mkoa wao kamili tangu 2011. Ina viza yake, na hata viza ya kawaida ya Schengen haikuingizi. Mtu akikwambia kutoka kisiwa cha Nzwani unavuka kwenda Maore kwa kwassa-kwassa, zile boti ndogo, usiku, mwache aende mwenyewe. Watu wanafia mle. La pili, usimsikilize anayekwambia bandarini Mtwara kuna chombo cha mizigo kitakupakia kimyakimya. Usipogongewa muhuri wa kutoka huku, kule utaeleza nini? Panda ndege Dar.

Mwezi wa kwanza kule ni joto na mvua. Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri, ila ndiyo wakati Wakomoro wa Ufaransa wanarudi kwa harusi kubwa, na nauli inapaa.

kaka_nachingwea:
Shelisheli hawana viza kwa taifa lolote, lakini msishangilie mapema. Kabla ya safari unaomba idhini ya kuingia mtandaoni, unalipia, na unaambatanisha tiketi ya kwenda na kurudi na uthibitisho wa hoteli. Bila idhini hiyo hupandi ndege. Wanataka pia uonyeshe una hela ya kutumia, na hoteli za kule, kaka, si za mchezo.

Halafu kadi ya njano. Ndege nyingi zinaunganisha Nairobi au Addis Ababa, na Kenya na Ethiopia zote zimo kwenye orodha ya homa ya manjano. Choma chanjo siku 10 kabla au zaidi. Inachomwa mara moja tu. Tangu 2016 cheti chake kinahesabiwa cha maisha.

steshenari_newala:
Mnabishana viza wakati shida iko nyumbani. Kazi yangu ni kujaza hizi fomu, na kinachowarudisha watu wa huku ni majina. NIDA imeandikwa Mohamedi, cheti cha kuzaliwa Muhamadi, cha darasa la saba Mohamed. Wengi wetu cheti cha kuzaliwa tumekichukua ukubwani, kila karani aliandika alivyosikia. Hilo rekebisha KABLA hujalipa chochote.

Fomu inajazwa mtandaoni, unalipia kwa namba ya malipo, unaichapisha na kuipeleka Uhamiaji mkoa, Mtwara mjini, unaacha alama za vidole. Unabeba cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi wako au kiapo kama hana, NIDA, picha, na kitu cha kuonyesha sababu ya safari. Ada ni 150,000, kitabu ni cha miaka kumi. Mtoto anakuwa na pasipoti yake mwenyewe, haandikwi kwenye ya mama, na wazazi mnaandika barua ya ridhaa.

mkulima_masasi:
Nimewaelewa. Watu wazima wawili tu ni laki tatu kabla ya nauli, na mimi jina langu kwenye cheti lina "h" ambayo NIDA haina. Basi mwezi wa kwanza Mafia, nimuonyeshe binti papa potwe. Pasipoti naanza kuzishughulikia sasa, Komoro tutaiona mwakani kabla ya Julai. Shelisheli niwaachieni nyie wenye ekari mia.

Swali moja kwa steshenari: hicho cheti cha mzazi ni cha baba yangu kwa wote wawili?

steshenari_newala:
Hapana kaka. Kila mwombaji na mzazi wake. Mkeo alete cha kwao. Wazazi wake wako wapi?

mkulima_masasi:
Mama mkwe yuko Ruangwa, hana cheti.

steshenari_newala:
Basi kiapo. Aende mahakamani na kitambulisho chake, na jina la binti yake kwenye kiapo liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye NIDA ya binti.