Mrejesho: Cape Town na mashamba ya mizabibu mwezi wa Julai

Wakuu, nilileta uzi hapa nikiuliza kama ni kujitesa kwenda Cape Town Julai, katikati ya masika yao ya baridi, nia ikiwa kuzunguka Stellenbosch na Franschhoek, miji ya mashamba ya mizabibu karibu na hapo. Wengi mlinishauri nisubiri Februari, msimu wa kuvuna zabibu. Nimeenda hivyo hivyo, na sijutii.

Mizabibu imepukutika majani yote, kweli. Lakini ndio wakati wa kupogolea. Nilisimama pembeni nikamtazama mama mmoja na mkasi wake: anakata, anavuta tawi, anabakiza vijiti vifupi vyenye macho mawili ya kuchipua, anahamia shina linalofuata. Hata dakika haiishi! Ndani, kwenye chumba cha kuonja mvinyo, moto wa kuni unawaka, watu wachache, anayekuonjesha ana muda wa kukueleza. Hapo ndipo nilipojua Pinotage, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu, ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925, Profesa Perold alipochanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut.

Aliyesema nisikodi gari, asante sana. Franschhoek kuna tramu inayokupitisha shamba hadi shamba, unakunywa bila kuwaza usukani.

Kilichoniuma ni malazi. Nyumba ya wageni haikuwa na hita, nililala na soksi na koti. Ulizeni kabla ya kulipa. Mlima wa Table Mountain nimeukosa siku mbili, upepo ulisimamisha gari la kebo la kupandia. Ya tatu nikapanda. Nyangumi wa Hermanus, mji wa pwani, niliwaona wawili, kwa mbali, huku mvua inanipiga.